Picha ya mwizi inasimama upande wa nani? Toka fimbo ya Colonie belge mpaka video za WhatsApp

MwanaKatuba

Jambo yenu bandugu. Uzi huu ni mrefu, mwenye forfe (bando la intaneti) ndogo asubiri ya usiku.

Kwenye grupe la WhatsApp la avenyu yetu hapa Lubumbashi, Kongo, imepita tena video ya kijana aliyekamatwa usiku na kipande cha waya wa umeme. Mnaijua aina yake. Mikono imefungwa nyuma kwa shati lake mwenyewe, amekalishwa kwenye vumbi, mtu mmoja anamwinua kidevu ili uso uingie vizuri kwenye kamera. Nyuma ya simu kuna sauti: "Sema jina! Sema unakaa komini gani!" Damu inamtoka sikioni, hakuna anayeiulizia. Kabla jua halijachomoza video ilikuwa imeshafika kwa shangazi yangu Kolwezi, naye akanirudishia na maneno: muwe macho, wezi wamezidi kwenu.

Shangazi ndiye aliyenifanya niandike. Hakuuliza kama kijana aliiba kweli, wala alipelekwa wapi. Kwake kesi ilikuwa imeshakwisha.

Sisi wa Lubumbashi ni watu wa picha tangu zamani. Miaka ya 1970 wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, walikuwa wanatundika sebuleni michoro ya rangi waliyonunua kwa wachoraji wa mtaani. Kulikuwa na mamba muntu (nusu mwanamke, nusu samaki), kulikuwa na kijiji cha mababu, na kulikuwa na ule mchoro unaoitwa Colonie belge. Waliouona wanaukumbuka: ua wa gereza, bendera ya Ubelgiji juu, miaka 1885-1959 imeandikwa hapohapo kwenye rangi. Mfungwa mwenye nguo za mistari amelazwa kifudifudi. Askari mweusi ameinua fimbo ya ngozi ya kiboko. Mzungu mwenye helmeti amesimama kando, kiko mdomoni, anasimamia hesabu. Na pembeni kuna wanawake wamekuja na chakula cha waume zao.

Sasa niambieni: yule aliyelazwa alifanya kosa gani? Mchoro hausemi. Wachoraji walirudia picha hiyo mara nyingi ajabu, na kosa lake hawakujisumbua kulionyesha. Lakini hakuna mzee aliyeitundika akashindwa kuona kosa liko wapi. Kosa lilikuwa limesimama, limevaa helmeti.

Hoja yangu ni hiyo tu. Mchoro wa wazee na video ya juzi vina watu walewale: anayepigwa, anayepiga, anayeamuru, wanaotazama. Mchoraji aliketi upande wa wale wanawake wenye chakula. Simu yetu inasimama upande wa mwenye fimbo. Na anayetazama hufuata palepale jicho lilipowekwa, hata bila kujua.

Leteni yenu.

PapaKamalondo

Mwana, asante kwa hii mambo. Ile tablo baba yangu alikuwa nayo mu salon, pembeni ya foto ya ndoa yake. Unasema mzungu njo mukosefu. Sawa. Lakini angalia tena ule mwenye kushika fimbo. Njo nani? Ni mutu mweusi, ndugu yetu. Baba alikuwa anatuonyesha ule na kidole, hapana mzungu. Anasema: mzungu alirudia kwabo, lakini huyu tungali naye.

Na kintu kingine. Bachoraji balikuwa na njala. Tshibumba Kanda Matulu, alizaliwa hapa 1947, alikuwa anachora pa gunia ya bunga, anauzisha bei ya chini juu ya kupata chakula ya siku. Alichora historia yote ya inchi, tablo zaidi ya 100. Profesa moja mugeni, Johannes Fabian, alikuwa anafundisha hapa, njo alizikusanya mu 1973 na 1974. Leo ziko Amsterdam mu musée. Tablo za kuhukumu bazungu, bazungu njo balizichunga. Huyo Tshibumba mwenyewe, kisha miaka kidogo hakuna mutu aliyemuona tena.

MwanaKatuba

Papa, hapo kwa askari umenipeleka mbali kuliko nilikokuwa nakwenda. "Tungali naye" naichukua.

Metre_K

Ndugu MwanaKatuba, niingie kwa upande wa sheria, kwa sababu kuna jambo moja mnaliacha nyuma. Video za watu wa avenyu si mwanzo. Mwanzo ni wakubwa.

Washa televisheni yoyote ya mji huu. Waliokamatwa wameketishwa chini kwa mistari, wengine pekupeku. Mbele yao zimepangwa panga, simu, bangi, wakati mwingine bunduki moja. Mkubwa mmoja anahutubia, mikrofoni kumi mbele yake. Anasema "hawa ndio majambazi waliokuwa wanasumbua watu". Hasemi "washukiwa". Wakati huo dosye haijafika hata kwa parke, yaani ofisi ya mwendesha mashitaka.

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 17, inasema kila anayeshitakiwa anahesabiwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho itoke. Kifungu cha 18 kinasema polisi hawawezi kukushika zaidi ya saa 48 bila kukufikisha mbele ya mwenye mamlaka. Mteja wangu mmoja alionyeshwa kwenye kamera ndani ya zile saa 48. Tulipofika mbele ya hakimu, karani alimtambua kabla sijafungua mdomo. Akasema, "Ah, huyu ndiye wa ile video." Karani, jamani, si mpita njia.

Picha ya polisi haikuanza hivyo. Ile picha ya uso mbele na uso kando iliwekewa utaratibu Paris na Alphonse Bertillon miaka ya 1880, pamoja na vipimo vya mwili, ili mtu akikamatwa mara ya pili kwa jina lingine atambulike. Ilikuwa picha ya kukaa kwenye faili. Mabaya yake ni mengi, ila angalau ilikaa ofisini. Yetu inatoka nje kwanza, faili linafuata siku nyingine kama litafuata.

Halafu mnakumbuka serikali ilivyorudisha utekelezaji wa hukumu ya kifo Machi 2024, baada ya kusimamishwa tangu 2003. Mwisho wa 2024 na mwanzo wa 2025 zaidi ya watu 100 waliohukumiwa kwa ukuluna (ujambazi wa magenge ya vijana) walitolewa Kinshasa wakapelekwa gereza la Angenga. Picha zao zilizunguka nchi nzima. Nilisoma yaliyoandikwa chini ya picha hizo. Sikuona hata mmoja anayeuliza nani alikuwa avoka (wakili) wao.

MamaBiashara_Kenya

Metre, kwa heshima yote. Nyinyi wa vitabu mnaongea vizuri sana, lakini mnalala wapi?

Mimi nina depo ya unga karibu na soko la Kenya, komini ya hapa mjini. Wameingia kwangu zaidi ya mara moja. Mara ya kwanza nilipiga simu, nikaambiwa hakuna mafuta ya gari. Nikatoa pesa ya mafuta mimi mwenyewe! Wakaja asubuhi, wakaandika, wakaomba pesa ya karatasi. Mwizi tukamkamata sisi na vijana wa avenyu, tukampeleka, na kisha siku chache nikamwona sokoni ananunua ndizi. Ananisalimia: "Mama, jambo." Mimi nijibu nini?

Sasa tangu tulipoanza kupiga video, wanaogopa. Sura ikishajulikana Kenya na Katuba na Kampemba, hawezi kurudi. Hiyo ndiyo parke yetu, hiyo ndiyo faili. Msituondolee kile kidogo tulicho nacho halafu mtuachie kifungu cha 17.

Metre_K

Mama, siwezi kukubishia habari ya mafuta. Ninaijua. Lakini yule uliyemwona sokoni, je, aliachiliwa kwa rushwa au aliachiliwa kwa sababu hakuna aliyekwenda kutoa ushahidi? Mara nyingi ni hilo la pili. Watu elfu wameitazama video, na siku ya kusikilizwa benchi la mashahidi halina mtu.

MamaBiashara_Kenya

Siku ya kusikilizwa depo yangu anakaa nani? Wewe?

Mado_Ruashi

Mimi huwa nasoma tu, leo niandike kidogo.

Kuna mama jirani yetu hapa Ruashi, anauza makala (makaa ya kupikia). Kijana wake wa pili alikamatwa na wenzake, wakaonyeshwa kwenye kamera, wakaambiwa ni genge. Yeye alikuwa amepewa lifti na manseba (mjomba) aliyekuwa na pikipiki ya wizi, ndiyo hadithi yake, na parke mwisho ilikubali. Alitoka baada ya wiki kadhaa. Wakampa karatasi yenye muhuri.

Ile karatasi mama yake ameiweka ndani ya plastiki ya uwazi, ile ya kuwekea diploma. Iko kwenye kibanda chake, chini ya mizani ya makala. Mtu akija kununua akamwangalia vibaya, au akinong'ona na mwenzake, mama anaichomoa: "Soma, baba. Soma hapa." Wengine hawajui Kifaransa. Wengine hawajui kusoma kabisa. Wanaangalia muhuri, wanatikisa kichwa, wanaondoka na makala yao. Na nikwambieni, wengi bado wana ile video kwenye simu.

Hakuna aliyekuja kupiga video ya karatasi. Kijana amehamia Kasumbalesa.

MwanaKatuba

Yaya Mado, ahsante. Hii ingetosha kuwa uzi mzima.

Mwl_Mulamba

Mnaruhusu mwalimu wa historia? Nina ubishi na mwenye uzi.

Unasema picha inafuata mahali jicho lilipowekwa. Nakubali nusu. Picha inaweza kuhama upande yenyewe, miaka ikipita, bila kubadilika hata nukta.

Desemba 1960 Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, alikamatwa akarudishwa Léopoldville, Kinshasa ya leo. Wapiga picha wa habari walikuwapo. Yuko juu ya kamyo, mikono imefungwa nyuma, askari wanamvuta nywele, mmoja anamsukumia karatasi mdomoni, ile karatasi yenye maneno yake mwenyewe. Kamera ilisimama na askari, tena karibu kabisa. Ilikuwa onyesho la ushindi: tazameni, mkubwa wenu amekuwa mfungwa. Kwa kipimo chako, MwanaKatuba, ile ni video ya mwizi. Leo nani anaitazama akaona mkosaji ni Lumumba? Picha ileile imekuwa shitaka dhidi ya walioipanga.

Kinyume chake pia kipo. Mwaka 1904, Baringa, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha baba mmoja, Nsala, ameketi barazani anatazama mkono na mguu wa binti yake, vilivyokatwa na walinzi wa kampuni ya mpira ya ABIR. Hapo jicho lilikuwa upande unaoutaka wewe. Picha ile na nyingine zilionyeshwa kwa taa ya kurusha picha ukutani kwenye makanisa na kumbi za Uingereza na Marekani, watu wakalia, wakachanga pesa, na mwaka 1908 Leopold, mfalme wa Ubelgiji aliyeishika Kongo kama mali yake, akalazimika kuikabidhi Kongo kwa dola ya Ubelgiji. Sawa. Na nani alisimama kizimbani? Leopold alifariki 1909 kitandani kwake. Fimbo iliendelea karibu mpaka uhuru, ndiyo maana mchoro wako unaandika 1959.

Kwa hiyo jicho zuri halileti hukumu, na jicho baya halizuii hukumu kuja baadaye. Mimi ningeuliza zaidi: picha ile ilitazamwa badala ya kesi, au ilipelekwa kwenye kesi?

Na kama mnataka kuona nchi hii ilivyofundishwa kutazama, kumbukeni tarehe 2 Juni 1966. Évariste Kimba, mtu wa kwetu Katanga, aliyekuwa waziri mkuu mwaka mmoja nyuma, alinyongwa Kinshasa hadharani pamoja na Anany, Bamba na Mahamba, mawaziri wa zamani, mbele ya maelfu kwa maelfu ya watu. Kesi ya kijeshi iliwahukumu upesi, bila nafasi ya kujitetea. Kunyonga ndiko kulikopewa muda, jukwaa na watazamaji. Mobutu, rais wa wakati ule, alielewa kwamba watu watasahau hoja za mahakama, hawatasahau kamba.

MwanaKatuba

Mwalimu, nimekusikia, na swali lako la "badala ya kesi" ni kali. Ila niongeze upande mmoja ambao hukuugusa: picha ambayo haipo.

Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba na wenzake Mpolo na Okito walishushwa Luano, uwanja wa ndege wa hapa kwetu. Usiku ule wakapigwa risasi porini, kule Shilatembo. Hakuna foto hata moja ya tendo lile. Miili yenyewe iliyeyushwa kwa tindikali, na mmoja wa polisi wa Kibelgiji waliofanya kazi hiyo, Gérard Soete, alikuja kuikiri mwenyewe mbele ya kamera uzeeni. Yaani ushahidi uliondolewa kwa makusudi. Nani aliuziba ule mwanya? Wachoraji wetu. Tshibumba alichora miili mitatu chini na misalaba mitatu nyuma yao. Alimhukumu muuaji kwa Injili, kwa sababu faili halikuwepo. Bunge la Ubelgiji lilikuja kukubali jukumu la kimaadili mwaka 2001, jino la Lumumba, lililokuwa limebaki Ubelgiji, likarudi 2022. Wazee wa Katuba walikuwa na hukumu hiyo ukutani tangu miaka ya sabini.

Vivyo hivyo na mgomo wa Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, walipopigwa risasi kwenye uwanja wa mpira hapa mjini. Mimi niliujua kwanza kwa mchoro. Shuleni nilikuja kuusikia baadaye sana, mistari miwili.

Djo_Kampemba

Wazee mnaongea tablo na tablo. Kizazi chetu kimejifunza haki kwa filamu. Tuseme ukweli.

Nimekulia kwenye vibanda vya video. Unalipa kidogo, unabanwa kwenye benchi, unatazama polisi wa Hong Kong au wa Marekani anavunja mlango bila karatasi. Jioni nyumbani mama anaweka filamu ya Kinigeria. Mle hakuna hakimu! Mwovu anaugua, au anaota ndoto, anaanguka mbele ya mchungaji, anaungama kila kitu na majina ya aliowaua, kila mtu anasema amina, imekwisha. Sijawahi kuona filamu ambamo kesi inaahirishwa kwa sababu greffier wa mahakama yuko kwenye matanga.

Sasa rudieni ile video ya waya. "Sema jina! Sema!" Wale hawamuulizi ili wajue, jina lake wanalijua. Wanataka ile sehemu ya kuungama, kwa sababu bila kuungama filamu haina mwisho. Na wakimpiga zaidi ni kwa sababu hajasema mistari yake.

Mwl_Mulamba

Djo, mdogo wangu, hii ni bora kuliko nilivyosema mimi kwa maneno mengi. Ongeza na ushuhuda wa kanisani Jumapili: "nilikuwa mwizi, nilikuwa mlevi", na kamera inarekodi.

PapaKamalondo

Greffier mu matanga 😂 Ile ni kweli kabisa.

Picha_na_Chuma

Mimi ni mpiga picha, nafanya ndoa na mara nyingine kazi za sanaa. Mnazungumza kana kwamba hapa mjini jicho la zamani limekufa. Halijafa. Sammy Baloji, mtoto wa hapa, alichukua foto za arkive za wakati wa ukoloni, watu waliopangwa mbele ya kamera kama mali, akawasimamisha ndani ya magofu ya Gécamines ya leo. Wanakutazama. Unajikuta wewe ndiye unayeulizwa. Na Biennale ya Lubumbashi tangu 2008 imekuwa ikileta mambo hayo barabarani, ingawa nakubali wengi wa Ruashi hawajawahi kualikwa.

Kuna na mfano wa karibu zaidi. Stanis Bujakera, mwandishi wa habari, alifungwa gereza la Makala, Kinshasa, miezi sita, akatoka Machi 2024. Julai mwaka huohuo akatoa video alizozipiga kwa siri mle ndani: watu wamelala wamepangana sakafuni, chooni, juu ya kuta. Gereza lilijengwa kwa watu 1,500 na lilikuwa na zaidi ya 10,000. Simu ileile, WhatsApp ileile, ila sasa iko mkononi mwa aliyefungwa. Ndiyo kwanza watu wakauliza: hawa wote wamehukumiwa lini? Wengi wao walikuwa hawajahukumiwa. Mamia wakaanza kuachiliwa. Kisha Septemba ikaja usiku ule wa kujaribu kutoroka, serikali ikahesabu wafu 129. Hata hivyo bila zile video wale 129 wangekuwa "majambazi waliotoroka" tu, na mada imefungwa.

Sisi tunaona mwanzo wa adhabu: kukamatwa, kupigwa. Gereza la Kasapa liko hapahapa njia ya chuo kikuu, tunapita na basi. Nani kati yenu ana picha ya ndani yake kichwani?

Mado_Ruashi

Mimi ninayo. Nimepeleka chakula.

MamaBiashara_Kenya

Nimesoma yote, nimefunga depo mapema kwa ajili yenu. Mado, habari ya yule mama wa makala imeniingia. Lakini bado mimi ninaibiwa. Mtu aniambie Jumatatu nifanye nini. Mimi ni admini wa grupe, kwa hiyo ninauliza kweli.

Metre_K

Mama, ukiniuliza mimi: kilichoibwa pigeni picha. Mlango uliovunjwa, alama, namba ya pikipiki, saa. Hiyo inasaidia parke kuliko uso wenye damu. Uso msiupitishe kwenye grupe, uende kwa ofisa mmoja tu na mashahidi wawili waandike majina yao. Na akipigwa, hiyo pia ni kosa la jinai, na video yenu ndiyo itakayowafunga nyinyi.

MamaBiashara_Kenya

Majina ya mashahidi, hapo ndipo watu watakimbia. Lakini sawa. Uso hapana, waya na panga ndiyo. Atakayeuweka uso nitamwondoa siku saba. Na nyinyi wa Kampemba mkiutuma kutoka kwenu nitafanya nini?

Djo_Kampemba

Ya Mama, kwetu admini ndiye aliyeshika simu kwenye ile video.

MamaBiashara_Kenya

Nitumie namba yake inbox.